Mistari kwenye Laptopu ya Mabamba

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, nilifuta kwa mkono wangu kumbukumbu za watoto waliovuka mpaka wa Mabamba bila wazazi wao. Laptopu ile haikuwa na virusi. Diski yake ilikuwa nzima. Ilikuwa na mistari tu kwenye kioo wakati wa kuwaka. Nilikuwa fundi wa miaka mingi, nimeshiba chai na viazi, na hakuna mtu aliyekuwa ananikimbiza.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana niliowaacha karakana ya Kibondo wameniomba niwaandikie mbinu za kazi, hasa za vioo, kwa sababu vioo ndivyo vinavyoletwa kila siku. Mbinu zimo humu. Nimeanza na Jumanne ile kwa sababu nyingi kati ya hizo nilizijua kabla yake, na hazikunisaidia. Vyeo sitavitaja. Mshahara wanaujua, maana wanaupata wao sasa.

Kazi niliianzia Kasulu, kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi, chini ya Mzee Gwimo, fundi wa taipureta. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya meno iliyochakaa na kopo la mafuta ya cherehani, akanionyesha mashine kumi na moja zilizopangwa ukutani. "Safisha. Ukimaliza, safisha tena. Bisibisi utaishika siku mikono yako itakapoacha haraka." Ilichukua miezi miwili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakupenda mashine iletwe na mtumishi wa ofisi. Alimtaka anayeitumia aje nayo mwenyewe.

Siku moja karani mmoja, Mama Stefania, alileta taipureta akilalamika kwamba herufi zinapanda na kushuka kwenye mstari. Mimi nilikuwa nimeshafungua mfuniko. Gwimo akaniondoa mkono.

"Kaa, mama. Chapa hapa mbele yangu."

Akachapa ukurasa mzima. Herufi zimenyooka kama mahindi ya shamba la gereza.

"Mbona hapa inajifanya haina kosa!" akasema Mama Stefania. "Inaniaibisha makusudi."

"Twende ofisini kwako," akasema Gwimo.

Tulitembea mpaka huko. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja juu ya jiwe, na kila alipopiga kibodi meza iliyumba, na mashine ikayumba nayo. Gwimo akatoa jiwe, akakata kipande cha ubao, akakipigilia. Tulirudi hatujalegeza hata skrubu moja. Njiani aliniambia jambo ambalo nimewaambia wanafunzi wangu wote: muulize mwenye mashine alikuwa anafanya nini, wapi, na saa ngapi, kisha ione ikikosea kwa macho yako. Ndipo uiguse.

Kompyuta zilipokuja, Gwimo alizitazama wiki nzima, akasema hizo ni za vijana, akarudi kwao kulima maharage. Mimi nikabaki. Baadaye nilihamia Kibondo, kwenye karakana ya shirika moja la misaada, nikishughulika na redio za magari, jenereta ndogo, na laptopu. Laptopu zikawa nyingi kuliko vyote.

Kwa asiyeijua nchi yetu ya juu, niseme jambo moja. Asubuhi ni baridi na ukungu, mchana ni jua na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya soli ya kiatu. Mwalimu mmoja wa Buhigwe alikuja mara tatu na laptopu ileile. Kila alfajiri ikiwaka, kioo kinakuwa na madoa na kutetemeka. Akishafika kwangu saa tano, ni nzima. Mara ya tatu nikamuuliza inalala wapi. Akasema juu ya dirisha, kwa usalama. Ilikuwa inakunywa umande. Nikamwambia ailaze kabatini, ndani ya kitambaa, na asiiwashe asubuhi mpaka ipate joto la chumba. Hakurudi tena, na alimwambia kila mtu kwamba mimi ni mganga. Nilipaswa kumtaja Gwimo, sikumtaja.

Basi hapo nilikuwa bado nauliza maswali. Niliacha kuuliza taratibu, bila kujua kwamba nimeacha. Kazi ziliongezeka, na nikapata dawa moja iliyotibu mengi: kupiga windo upya, yaani kufuta Windows ya zamani na kuweka mpya. Laptopu nzito, piga windo. Ina virusi, piga windo. Haifungui faili, piga windo. Nilikuwa na flashi ya windo niliyoivaa shingoni kwa kamba, kama daktari na kipimo chake cha moyo, na ilinipendeza. Watu walinipa jina, Fundi Windo. Tulipoendesha mafunzo kwa wafanyakazi, niliwafundisha kanuni moja: diski imegawanywa sehemu mbili, C na D. Windo inakaa C. Kazi yako weka D. "Hata nikipiga windo mara mia, D haiguswi." Nililisema hilo kwenye kila semina, na watu waliliandika kwenye madaftari yao.

Mmoja wa walioandika alikuwa Nuru, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuandikisha watoto wasio na wazazi. Mwaka ule watu wa Burundi walipovuka kwa wingi, alipelekwa Mabamba, kwenye kituo cha kupokelea. Watu walifika kwa miguu, wengine wakitenganishwa njiani na hofu au na msongamano. Mtoto akionekana peke yake, Nuru alimkalisha, akampiga picha, akaandika fomu. Ukurasa wa kwanza ni jina, wazazi, kijiji, alama za mwilini. Ukurasa wa pili ni mtoto amepelekwa wapi na amekabidhiwa familia gani, kwa sababu mabasi yaliwachukua watu kwenda kambi tofauti, nyingine upande wa Kibondo, nyingine upande wa Kasulu. Fomu za karatasi zilikwisha wiki ya kwanza. Mtandao haukuwepo. Aliandika moja kwa moja kwenye laptopu, wiki tatu, na kila jioni alihakikisha kazi imekaa D.

Kuja Kibondo alipanda bodaboda, koti la mvua mgongoni, laptopu imefungwa nyuma ya kiti. Jumanne ile alinikuta mlangoni nafungua kufuli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Nuru. Umekuwa mwekundu kama tofali."

"Vumbi la Mabamba hilo, usiniguse utachafuka." Akaiweka laptopu mezani. "Inapowaka kioo kinacheza. Mistari, mistari, halafu kinatulia, halafu kinaanza tena. Leo ndiyo kimezidi. Nataka kutuma majina kwa wenzangu wa kambini kabla ya saa nane, waanze kulinganisha na wazazi walioandikishwa kule."

"Kazi yako ipo D?"

"Ipo D. Kwani mimi mwanafunzi wako mbaya?"

"Basi nenda kanywe chai. Nitapiga windo."

Sikumuuliza swali lingine. Alikwenda kwenye kikao cha ofisi, nami nikawasha mashine.

Nitaeleza kilichofuata polepole, maana hapa ndipo somo lilipo. Nembo ya kampuni ilitokea na mistari juu yake. Nembo ile hutokea kabla windo haijaanza kabisa. Windo ilikuwa bado imelala na kioo kilikuwa kimeshaharibika, kwa hiyo windo haikuwa na kosa. Niliiona nembo, na niliona mistari, sikuunganisha. Nikachomeka flashi.

Ukifika mahali pa kuchagua sehemu ya diski, inakuja orodha: sehemu ya kwanza, ya pili, ukubwa wake. Mistari ilikuwa inapita juu ya orodha ile na maandishi yalikuwa yanaruka. Nikagundua kwamba nikilirudisha jalada nyuma kidogo na kulishikilia, mistari inapungua. Basi nikalishikilia kwa mkono wa kushoto na kubonyeza kwa mkono wa kulia. Ugonjwa ulikuwa kwenye bawaba, ndani ya waya bapa unaopita pale kupeleka picha kwenye kioo, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeukamata. Mimi niliutumia kama kijiti cha kusimamishia dirisha.

Jalada likaponyoka. Orodha ikaruka. Nikachagua, nikafuta, nikafomati, nikaanza kupiga windo. Nilikuwa nimechagua D.

Nilijua ilipomaliza. Mistari ilikuwepo palepale kama mwanzo. Nilipofungua kuangalia kazi ya Nuru, nikakuta windo ya zamani, ile niliyotaka kuiua, hai na salama kwenye C. Windo mpya ilikuwa imekaa juu ya watoto.

Nuru alirudi saa saba na nusu. Nilikuwa nimeizima mashine na kuitoa diski.

"Nuru, kaa kwanza."

"Sikai. Imepona?"

"Kioo bado."

"Basi nipe hivyohivyo, nitavumilia mistari yake. Natuma majina, kesho utaendelea."

"Majina hayapo. Nimefuta D."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Wewe si ndiye uliyesema D haiguswi?"

"Ndiye mimi."

"Semina mbili, fundi. Umesema mara mbili."

Nuru akavuta kiti, akakaa, akachukua kadi zangu za kazi zilizokuwa mezani, akazigeuza upande mweupe na kuanza kuandika. Nilitaka kuomba radhi. Akainua mkono bila kunitazama. "Usiniongeleshe. Nikiongea nitasahau." Aliandika majina aliyoyakumbuka mpaka adhana ya alasiri, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea.

Vijana, mkifuta kitu, izimeni mashine papo hapo. Kila dakika inayokwenda inaandika juu ya ulichopoteza. Diski niliiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya, nikaendesha programu ya kuokoa faili siku mbili mfululizo. Nyingi zilirudi, lakini zilirudi bila majina yake, zimekuwa namba tu. Picha zilikuwa kundi moja, fomu kundi jingine, na hakuna kilichosema uso huu ni wa fomu hii. Nyingine zilirudi nusu. Nyingine hazikurudi.

Siku nne tulikaa meza moja, mimi nikifungua picha, yeye akitazama.

"Huyu ni Klaudi. Alikataa kuachia sufuria. Tulimpiga picha nayo, ione hiyo."

"Hawa wawili?"

"Andika kwamba si ndugu. Mkubwa alisema wazi, huyu si mdogo wangu, ni wa jirani, ila nimembeba tangu mtoni."

"Na huyu?"

"Huyo alinicheka meno yangu." Akagusa kioo kwa kidole. "Fomu yake ni ile ya kovu kwenye goti."

Ndivyo tulivyokwenda. Alizunguka pia kambini kuandikisha upya aliowapata. Wengi walipatikana. Mwisho ikabaki fomu moja iliyofunguka ukurasa wa kwanza tu: mtoto wa kiume, Eliya, miaka minne hivi, mama anaitwa Domitila. Ukurasa wa pili, wa mahali alikopelekwa, haukufunguka. Ikabaki na picha moja isiyo na mwenyewe. Ilionyesha kichwa kilichonyolewa, paji la uso, macho mawili. Kuanzia puani kwenda chini ilikuwa kijivu tupu. Nuru aliitazama muda mrefu akasema hamkumbuki. Huenda ilikuwa ya Eliya. Huenda ilikuwa ya mtoto ambaye fomu yake ilipotea yote.

Katikati ya kazi hiyo nilimwita Sadoki, dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka Nuru, nikamwomba anionyeshe anavyofunga mzigo.

"Mzee, hiyo naifungaga kama godoro," akasema kwa fahari. Akaiweka laptopu kwenye begi, akapitisha mpira juu yake, akauvuta kwa goti mpaka begi likajikunja. "Wiki tatu, haijaanguka hata siku moja."

"Haikuanguka. Umeikamua."

"Sasa nisipokaza itadondoka!"

Na yeye alikuwa na haki. Huku kwetu kila kitu kinafungwa na mpira ule, kuanzia mbuzi mpaka jeneza la mtoto, na kila mtu anakaza hadi mwisho. Mpira ulipita juu ya bawaba, ukaipinda kidogo kila kwenye shimo, wiki zote tatu kule Mabamba na siku ile hadi Kibondo, mpaka waya ule bapa ukachubuka. Ningemuuliza Nuru swali moja tu, imesafirije, angenijibu. Waya nilioubadilisha baadaye niliung'oa kwenye mashine mbovu iliyokuwa kabatini. Kazi ya dakika arobaini.

Tangu hapo karakana ina utaratibu, nami nauandika hapa ili usipotee. Kioo kikicheza wakati wa kuwaka, tazama nembo ya kwanza. Ikiwa na mistari, acha windo, kosa ni la vitu vya kushikika: waya, kioo chenyewe, memori, au chipu ya picha. Nembo ikiwa safi na mistari ikaja baadaye windo inapoingia, hapo shuku draiva, programu inayoongoza picha, na ujaribu kuiwasha kwa hali salama. Sogeza jalada mbele na nyuma taratibu: mistari ikibadilika, ni waya wa bawabani. Unganisha monita ya nje au projekta: picha ikiwa safi kule, chipu ni nzima, na kazi ya mtu inaweza kunakiliwa kabla hujagusa chochote. Kioo kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni: ukiona maandishi hafifu, ni taa ya nyuma imekufa. Toa kijiti cha memori, kisugue kwa kifutio cha penseli, kirudishe. Chomoa chaja: ikitulia, kosa ni umeme, hasa wa inveta za sola. Na usichague kitu cha kufuta kwenye kioo usichoweza kukisoma. Hilo la mwisho lilibandikwa ukutani kwa mwandiko wangu. Flashi niliivua shingoni, nikaiweka kwenye droo yenye ufunguo.

Domitila alifika ofisini kwa Nuru wiki kadhaa baadaye. Alikuwa ametembea kambi moja hadi nyingine akiuliza. Nuru alinipigia niende, akasema anataka niwepo. Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo hapakuhitajika mkalimani. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, amekaa kwenye ukingo wa kiti. Tukamsomea fomu. Aliitikia kwa kichwa kila mstari: jina ndilo, kijiji ndicho, baba ndiye. "Umwana wanje," akasema, mwanangu. Kisha Nuru akamwekea picha.

Aliishika kwa mikono miwili. Akauliza, "Mbona mmemkata?"

Nikamweleza. Nilisema mimi ndiye niliyefuta, kwa makosa, na kwamba hicho ndicho kilichookolewa. Sijui alielewa kiasi gani habari za diski. Alielewa kwamba ni mimi.

"Macho yanaweza kuwa yake," akasema. "Lakini watoto wote waliokimbia walikuwa na macho haya. Eliya ana pengo hapa, meno mawili ya mbele. Nionyesheni mdomo."

Mdomo hatukuwa nao. Nuru alimpa nakala ya picha. Walitafuta jina la Eliya kambi zote, halikuonekana. Mtoto wa miaka minne anayelelewa na familia nyingine huitikia jina analoitwa huko, na familia nazo huhama. Watu walipoanza kurudi Burundi, Domitila alirudi kijijini kwake, akamwachia Nuru namba ya simu ya jirani.

Niliendelea na kazi mpaka umri ukafika. Sikuacha, kwa sababu laptopu ziliendelea kuletwa, na kwa sababu nilitaka kila moja ipite mbele ya mtu anayejua kinachoweza kutokea. Wengine wameniambia nilijitesa. Sidhani. Nilikuwa nauliza maswali tu, kama nilivyofundishwa Kasulu.

Mwezi uliopita Nuru alinipigia. Kwenye kambi ya upande wa Kasulu yupo kijana wa miaka kama kumi na minne, ameandikishwa kwa jina jingine. Mama aliyemlea alifariki, na kabla ya kufariki alisema alimpokea kituoni Mabamba, siku za mwanzo, kutoka kwa dada mmoja mwenye kompyuta. Nilikwenda na Nuru. Kijana ni mrefu, mpole, anasuka mikeka ya kuuza. Nuru akamwonyesha ile picha.

"Ni wewe huyu?"

Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Mimi sijawahi kuona sura yangu ya utotoni," akasema. "Nitajuaje?"

Nuru akapiga ile namba ya jirani, ikapokelewa. Domitila yu hai. Alisema atakuja Mabamba siku ya soko, apelekwe akamwone. Nuru amekwenda kumngoja. Siku ya soko imeshapita mara mbili, Domitila hajatokea, na namba ile sasa haipatikani.